Mkondo wa Amali: Nani Anamchagulia Mtoto Njia?

Dada yangu anakaa Chanika, na akinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne najua ni moja kati ya mambo matatu: ada, msiba au shule. Jumapili ile ilikuwa shule. Walikuwa wameitwa kikao cha wazazi, mwalimu mkuu akawaeleza kwamba sekondari sasa ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na kila mzazi aanze kufikiria mwanawe anafaa wapi. Mpwa wangu yumo kwenye kundi la mwisho la darasa la saba, lile litakalomaliza mwaka 2027. Swali la dada lilikuwa moja, na katika dakika nne alilirudia mara tatu: "Kaka, hiyo amali ni ya waliofeli, au ni ya nani?"

Nilidhani nitamjibu palepale kwa sentensi moja. Nimeishia kuandika makala.

Tuanze na neno lenyewe. Amali ni kazi, na Zanzibar walikuwa nalo muda mrefu kabla yetu. Kule "mafunzo ya amali" ni msemo wa kawaida. Huku bara tulizoea "ufundi stadi", na mtaani hata hilo hatulisemi. Tunasema "VETA", hata kama chuo chenyewe ni cha kanisa au cha mtu binafsi, kama tunavyoita kila dawa ya meno Colgate. VETA halisi ni mamlaka ya serikali iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kwa hapa Dar watu wengi wanaifahamu kwa chuo chake cha Chang'ombe. Kilichobadilika sasa ni kwamba ufundi umeingizwa ndani ya sekondari yenyewe, ukaacha kuwa mahali pa kwenda baada ya shule kukushinda.

Mabadiliko hayo yamo kwenye Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ambayo Rais Samia aliizindua Dodoma mwanzoni mwa 2025. Mitaala yenyewe haikusubiri uzinduzi. Ilianza kutumika Januari 2024. Elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, na elimu ya lazima inakuwa miaka 10, maana yake mtoto anatakiwa afike kidato cha nne. Akiingia kidato cha kwanza ndipo njia zinapogawanyika. Mkondo wa jumla ni ule tunaoujua sote. Wa amali una masomo machache ya pamoja, kama Hisabati, Kiingereza, Biashara, na Historia ya Tanzania na Maadili, halafu muda mwingi unakwenda kwenye fani: umeme, ujenzi, ushonaji, kilimo, upishi, hata michezo na muziki. Mwishoni mwanafunzi anapimwa na Baraza la Mitihani na pia na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na anatoka na vyeti viwili. Cha ufundi kinamruhusu kupanda: kutoka ngazi ya tatu ya ufundi stadi kwenda ngazi ya nne ya chuo cha ufundi, na akiwa na nguvu, mpaka shahada.

Kwa hiyo ukiisoma sera tu, jibu la dada ni rahisi: hapana, si ya waliofeli. Tatizo ni kwamba dada hakuuliza kwa sababu hajui sera. Aliuliza kwa sababu ana kumbukumbu.

Mimi na yeye tumesoma shule ya msingi moja. Ilikuwa na shamba la mahindi na mihogo, mabaki ya Elimu ya Kujitegemea, ile falsafa ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 iliyotaka shule izalishe na mtoto asitengwe na kazi ya wazazi wake. Wazo zuri, na bado naliona zuri. Lakini sisi shamba lile tulilijua kwa njia nyingine. Ukichelewa, unalima. Ukipiga kelele, unabeba maji. Ukipata chini ya kumi kwenye hesabu, unakwenda na jembe nyuma ya choo huku wenzako waliofaulu wakibaki darasani wanakuchungulia dirishani. Miaka saba tulifundishwa kila siku, bila mtu kuliandika ubaoni, kwamba kazi ya mikono ni adhabu na kukaa kwenye dawati ni zawadi. Kisha leo tunashangaa mzazi wa Chanika akisikia "amali" anauliza ni ya waliofeli.

Na hata jaribio la kuingiza fani sekondari si la kwanza. Miaka ya 1970 sekondari zetu zilipewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansi kimu, yaani mambo ya nyumbani. Mwaka 1985 George Psacharopoulos na William Loxley walitoa utafiti wa Benki ya Dunia uliolinganisha shule za namna hiyo hapa Tanzania na kule Colombia. Hawakuona faida ya kazi na kipato iliyolingana na gharama zake. Wengi wa vijana wetu waliotoka kwenye michepuo walikuwa wanawania kilekile walichowania wenzao wa masomo ya kawaida, yaani kuendelea na masomo. Mimi siwalaumu hata kidogo. Karani alikuwa na mshahara wa mwezi na pensheni. Fundi alikuwa na nyundo. Mtoto wa miaka 16 anajua kusoma ishara hizo kuliko anavyosoma mtaala. Ukibadilisha masomo bila kubadilisha kinachomsubiri fundi huko nje, unakuwa umebadilisha ratiba tu.

Sasa turudi kwenye neno ambalo mwalimu mkuu alilitumia bila kulifafanua: kuchagua. Nani anachagua?

Kwa shule za serikali, mtoto anapangiwa. Orodha inatoka TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa, unaifungua kwenye simu, unatafuta jina, unapiga kigelegele au unanyamaza. Mwenye fedha Dar amekwisha kuchagua tangu chekechea. Simama barabara yoyote kubwa saa kumi na moja alfajiri uone mabasi ya njano na Hiace zikiwa zimejaa watoto waliolala na vichwa vimeegemea vioo. Hao ni watoto wa wazazi waliochagua, na wanalipia uchaguzi huo kwa fedha na kwa usingizi. Wapo wanaosema haki hiyo ipewe kila mzazi: serikali iache kumpangia mtoto shule, fedha zimfuate mtoto popote mzazi atakapompeleka, hata shule binafsi, na shule mbovu zitajirekebisha zikiona wateja wanakimbia.

Hilo ni wazo lenye umri. Mchumi wa Marekani Milton Friedman alilitetea mwaka 1955, na mji wa Milwaukee ukaanza mwaka 1990 kuwapa vocha wazazi wa kipato cha chini wawalipie watoto shule binafsi. Uswidi iliingia humo mwaka 1992. Ila ukitaka kuona vocha inafanya nini nchi nzima, angalia Chile, walioanza mwaka 1981. Shule za umma, na za binafsi zilizojiunga, zilipata ruzuku kwa idadi ya vichwa. Shule nyingi mpya zikafunguliwa, wazazi wakahama nazo. Lakini shule ziliruhusiwa kuchuja watoto, na baadaye kutoza nyongeza juu ya ruzuku. Matokeo yake mwenye kidogo cha kuongeza alikaa na wenzake wenye kidogo cha kuongeza, na asiye nacho akabaki kwenye shule ya manispaa na asiye nacho mwenzake. Mwaka 2008 wakaongeza ruzuku kwa watoto maskini, na 2015 wakatunga sheria ya kuondoa hatua kwa hatua uchujaji na zile nyongeza kwenye shule zinazopokea fedha za umma. Iliwachukua miaka 34 kukubali kwamba mlangoni, shule nayo inamchagua mtoto.

Hebu tuilete hesabu hiyo nyumbani. Ruzuku ya uendeshaji inayojulikana miaka yote ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, serikali ikachukua pia ile ada ya kutwa ya sekondari, 20,000. Jumla 45,000 kwa mwaka. Ukimpa dada yangu vocha ya 45,000 akaipeleke shule binafsi ya Dar, haifiki mbali. Kwenye nyingi haimalizi mwezi. Mtu atasema, na kwa haki kabisa, kwamba gharama kubwa ya serikali ni mshahara wa mwalimu, na vocha ya kweli lazima iuhesabu. Sawa, uhesabu. Lakini mshahara wa mwalimu mmoja ukigawanywa kwa vichwa vya darasa lililofurika, kila kichwa kinapata kidogo, na shule binafsi yenye madarasa madogo haiwezi kuishi kwa hicho kidogo bila kudai nyongeza. Tumerudi Chile.

Kuna mchaguzi mwingine ambaye hatajwi popote kwenye sera, naye ni konda. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, mtu mzima analipa zaidi, na konda anajua hesabu. Wanafunzi wanne wakisimama kituoni Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi, atapaza sauti, "Denti wawili tu!" na mlango unafungwa. Mtoto wa Chanika anayetaka fani ya umeme iliyopo shule ya Temeke anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, na kwa kila gari ana nusu ya nafasi ya kuachwa. Unaweza kumwandikia mikondo miwili, mitano au kumi. Anao ule uliopo jirani na kwao.

Nilimwambia dada anipe kijana wakati wa likizo nikamwonyeshe kitu. Nikampeleka Keko.

Anayeijua Dar hahitaji kuelezwa Keko. Fremu za sofa zimerundikwa mpaka kando ya barabara, vitanda vya mninga vinasubiri vanishi, na vumbi la msasa limetanda kila mahali mpaka kwenye chai. Kinachonichekesha ni kwamba chuo cha VETA Chang'ombe kiko jirani kabisa. Shule mbili za useremala zimepakana, moja ina sheria, bajeti na vyeti, nyingine ina wateja.

Fundi ninayemfahamu, aliyenitengenezea kitanda, ana vijana watatu. Hawalipi ada wala hawalipwi mshahara. Wanapata hela ya kula, na kazi ikitoka nzuri anawaongeza kitu. Siku ya kwanza unafagia, kisha unapiga msasa, na baada ya miezi unagusa randa. Alimpa mpwa wangu kipande cha mbao. "Nionyeshe nyuzi zinaelekea wapi." Kijana akageuza, akageuza tena. Fundi akachukua randa ya mkono, akapiga upande mmoja, mbao ikatoa utepe laini. Akaigeuza, akapiga kinyume, mbao ikanyofoka. "Umeona? Mbao inasomwa kabla ya kukatwa." Halafu akamtaka ampimie kipande cha inchi 18 na nusu. Mpwa wangu, ambaye hesabu anapata themanini na kitu, akabaki ameshika tepu. Shuleni ni sentimita. Keko ni futi na inchi, na mbao zenyewe zinauzwa "mbili kwa nne". Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia kwamba hizo namba za upande wa pili wa rula zina kazi.

Ukiishia hapo utaona Keko ndiyo shule bora na tufunge nyingine. Subiri. Vijana wale hawana hata kitambaa puani. Waya wa mashine ya kuchania umeungwa kwa gundi ya plastiki mara tatu. Fundi mwenyewe alinikiri kwamba kabati kubwa la mwisho alilofanya lilimpa hasara kwa sababu hakupiga hesabu ya vipande vinavyotupwa. Hajui kuchora, kwa hiyo mteja akimletea picha ya simu anakadiria kwa macho. Na vijana wake watajua yale tu ambayo wateja wake wanayaagiza. Mwaka mzima ukiwa wa vitanda, watatoka na vitanda.

Shule ina nusu moja ya ufundi na Keko ina nusu nyingine. Ujerumani wameziunganisha nusu hizo kwa sheria. Chini ya sheria yao ya mwaka 1969, kijana anasaini mkataba na kiwanda au karakana, anakaa kazini siku tatu au nne kwa wiki huku mwajiri akimlipa, na siku moja au mbili anakwenda shule. Kwetu kuna neno zuri kwa hilo, uanagenzi, na serikali imekuwa ikiendesha programu za uanagenzi pamoja na ile ya kupima mafundi wa mtaani na kuwapa vyeti kwa ujuzi walio nao tayari. Lakini mfumo wa Kijerumani unasimama juu ya waajiri rasmi waliojiunga kwenye mabaraza yao. Mwajiri wa Keko ni mtu mmoja, turubai moja na simu.

Angalia fedha zinavyopita. Mwajiri rasmi hapa anatozwa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia fulani ya mishahara anayolipa. Ilikuwa asilimia 6 zamani, ikashuka kidogo kidogo hadi 3.5 mwaka 2023, na wanaoguswa ni wenye wafanyakazi kuanzia 10. Kwa miaka mingi theluthi moja tu ya tozo hiyo ndiyo ilikwenda kwenye mfuko wa ufundi stadi. Theluthi mbili zilikwenda Hazina, jambo ambalo waajiri wamelilalamikia sana. Kwa hiyo anayelipia mafunzo ni kampuni, anayepokea ni chuo na Hazina, na yule anayefundisha vijana watatu kwa mikono yake pale Keko hayumo upande wowote wa hesabu hiyo. Ningekuwa naulizwa wapi pa kuanza kabla ya kujenga karakana mpya, ningesema pale: fundi aliyepimwa na kutambuliwa alipwe kitu kwa kila mwanafunzi wa amali anayekaa naye siku mbili kwa wiki. Ingekuwa rahisi kuliko kununua mashine ya kuchania kwa kila sekondari, na fundi angepata sababu ya kununua miwani ya vumbi.

Nilimuuliza fundi kwa nini hajaenda kupimwa apate cheti. Akanijibu kwa swali: "Nikikipata, mteja ataniongezea bei ya kitanda?" Kwa kitanda, hapana. Hapo ndipo wazazi wanapaswa kujua kwamba fani hazifanani. Fundi umeme bila leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haruhusiwi kufunga nyaya kwenye nyumba, na TANESCO haiwashi umeme bila fomu ya mkandarasi mwenye leseni hiyo. Leseni nayo inataka cheti. Kwake karatasi ni mlango. Kwa seremala karatasi ni pambo mpaka siku atakapotaka tenda ya madawati. Shuleni wanaziweka fani zote kwenye kapu moja la "amali", mtoto anachagua mkondo bila kuambiwa mlango uko upande gani.

Hilo linanirudisha kwenye swali la waliofeli, maana kuna hatari ninayoiona. Kama shule zitatumia maksi kupanga, wenye alama za juu jumla na waliobaki amali, basi tutakuwa tumeandika upya ile adhabu ya jembe nyuma ya choo kwa lugha ya kisera. Na tutaharibu fani zenyewe. Fundi umeme asiyeweza kukokotoa mzigo wa waya ni hatari kuliko mwanahistoria aliyesahau tarehe.

Halafu kuna Januari 2028. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka 2024, kwa mtaala wa zamani, watamaliza la saba mwaka huohuo 2027. Madarasa mawili, mlango mmoja wa kidato cha kwanza. Jiji hili lilikuwa na watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022 na shule zake tayari zinabanana. Vyumba vikikosekana, mkondo wa mpwa wangu utaamuliwa na dawati lililo wazi.

Niliyaeleza yote hayo kwa dada, kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, akanijibu kwa sekunde kumi: "Basi nikaangalie nini?" Nikamwambia aende sekondari ya jirani iliyotajwa kwenye kikao aulize vitu vitatu tu. Karakana ipo? Umeme umefika mpaka kwenye mashine? Mwalimu wa fani ana jina, au "anatarajiwa"?

Alikwenda Jumatano, akapokewa vizuri, akaonyeshwa. Mwalimu alimwambia karakana itakuwa tayari kabla ya 2028 na mwalimu wa fani anatarajiwa. Dada akapiga picha akanitumia: msingi, kozi tano za tofali, nondo zimeanza kutu, na mbuzi wa jirani amesimama panapotakiwa kuwa mlango. Chini yake kaandika: "Nitapita tena mwezi wa sita nihesabu."